Meja wa Mkonge na Mikanda 35 ya Vugiri

Mtu mmoja amepiga magoti ndani ya kibanda chake, anachimba shimo sakafuni. Fedha zake kazipata kwa jasho, na sasa anazifukia ili apate usingizi. Nje, mwizi anachungulia. Mwenzake, aliyepata fedha kama yeye, kafuata njia nyingine: kaenda posta, kafungua akaunti ya akiba. Kabla jua halijazama, kila mtazamaji anajua nani atakayelia asubuhi.

Hiki si kisa cha tamthilia ya juzi. Ni filamu iliyotengenezwa katikati ya miaka ya 1930 na kikundi kilichopiga kambi Vugiri, juu kwenye milima ya Usambara, katika wilaya ya Korogwe ya leo. Waliocheza ni Waafrika. Maelezo yake yalirekodiwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine kadhaa. Rashidi Kawawa, ambaye kila anayesimulia historia ya sinema yetu huanza naye, wakati huo alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi.

Sisi wa Tanga tuna tabia ya kujisifia vitu vilivyokwisha: mkonge, reli, bandari iliyojaa meli, Shaaban Robert, bendi zetu za zamani. Lakini sijapata kumsikia mtu barazani akijisifia kwamba miongoni mwa filamu za mwanzo kabisa kuzungumza Kiswahili zilitengenezwa mkoani kwetu. Mabasi ya Arusha na Lushoto hupita Korogwe kila siku, abiria wananunua machungwa na korosho dirishani, milima imesimama mkono wa kulia, na hakuna anayenyosha kidole kusema: pale juu palikuwa na studio.

Mwongozaji wa studio hiyo aliitwa Leslie Alan Notcutt, Mwingereza mwenye cheo cha meja. Hakutoka kwenye sinema. Alitoka kwenye mkonge.

Kwa mtu wa Tanga hilo linatosha kumjua nusu. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Kati ya miche 1,000 iliyoagizwa kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika hai, na kwa hiyo 62 nchi nzima kutoka Pangani hadi Korogwe ikageuka mistari ya kijani isiyo na mwisho. Mistari hiyo ilihitaji watu, na watu wa pwani hawakuupenda mkonge. Nani aache shamba lake la minazi na muhogo akachomwe na miiba ya bwana? Basi wakaletwa manamba kutoka mbali: Waha, Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, watu wa Rwanda na Burundi. Walifanya kazi kwa kipande, siku thelathini za kazi kwa kipande kimoja, na kichwa cha kila meneja wa shamba kilikuwa na swali moja lisilolala: nitawazuiaje wasiondoke?

Notcutt alikuwa mmoja wa mameneja hao. Mwaka 1926, akisimamia mashamba ya mkonge hapa Afrika Mashariki, alifikia jibu ambalo wenzake hawakulifikiria. Wenzake walifikiri mnyapara, posho, pengine pombe ya Jumamosi. Yeye alifikiri sinema. Aliona kwamba shamba lenye picha za kutazama jioni lingekuwa na wafanyakazi walioridhika, na mfanyakazi aliyeridhika hatoroki. Akaanza kujaribu.

Nimelisoma wazo hilo mara nyingi na kila mara linanichekesha na kunikera kwa pamoja. Linanichekesha kwa sababu ni la kweli: mtu aliyekata mkonge tangu alfajiri, singa zimemwingia viganjani, atakaa chini atazame picha, na kesho atataka nyingine. Linanikera kwa sababu sinema yetu ilitungwa mimba pale pale, kando ya korona, mashine ya kuchambulia mkonge, kama kamba nyingine ya kumfungia manamba. Kwa Notcutt burudani ilikuwa chombo cha kazi tangu siku ya kwanza.

Angeishia hapo, meneja mwenye mchezo wake wa jioni, kama mambo hayangezuka kusini. Katika migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, maelfu ya wanakijiji walikuwa wamegeuzwa wachimbaji kwa muda mfupi. Wamisionari waliingiwa na hofu. J. Merle Davis, Mmarekani wa Baraza la Kimataifa la Misheni, aliongoza utafiti juu ya hali hiyo na mwaka 1933 ukatoka kitabu. Moja ya mawazo yake lilikuwa kwamba filamu zinaweza kumsaidia Mwafrika kuielewa dunia mpya inayomwangukia. Kulikuwa na sababu nyingine, isiyosemwa kwa sauti kubwa sana: wachimbaji walikuwa tayari wanatazama filamu za Kimarekani, zenye makaoboi, bastola, wanawake wa Kizungu na Wazungu wezi, na watawala hawakupenda raia wao wamwone Mzungu katika hali hiyo.

Fedha zikapatikana. Fungu kubwa lilitoka Shirika la Carnegie la New York. Kampuni za shaba za Roan Antelope, Rhokana na Mufulira nazo zikachangia. Msomaji ajue kwamba Mei 1935, mwaka huo huo mradi ulipoanza, wachimbaji wa migodi hiyo waligoma kwa sababu ya kodi, na askari wakawaua sita pale Luanshya. Mkono mmoja ulikuwa unatoa hela ya sinema. Sitasema mwingine ulikuwa unafanya nini, nimeshasema.

Mradi ukapewa jina refu la kizamani, Bantu Educational Kinema Experiment, yaani jaribio la sinema ya elimu kwa Wabantu. Davis alikuwa mkuu wa jina. Kazi yenyewe iliangukia kwa wawili. Notcutt akawa mwongozaji wa filamu na mkuu wa kambi. Geoffrey Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini, akashika upande wa elimu na maonyesho. Machi 1935 wakaanza, na makao wakayaweka Vugiri.

Kwa nini Vugiri? Anayeifahamu hali ya hewa ya Tanga hahitaji kuelezwa sana. Filamu ya zama hizo ilisafishwa kwa dawa ndani ya maji, na maji ya joto huilainisha na kuiharibu. Jaribu kusafisha picha Februari pale mjini, maji ya bomba yenyewe yanatoka kama ya kuogea mtoto. Juu Usambara kuna ukungu, kuna vijito, kuna baridi inayomlazimisha mtu wa pwani kuazima koti. Na chini yake tu kuna reli, iliyofika Mombo tangu 1905, ya kupeleka mikanda bandarini au kuelekea bara. Kisha kuna mandhari: ndani ya mwendo wa siku moja unapata msitu, shamba la chai, kijiji cha Wasambaa kwenye mteremko, mbuga kavu upande wa Mkomazi, na bahari. Mwongozaji mwenye bajeti ndogo angeomba nini zaidi?

Bajeti ilikuwa ndogo kweli. Walitumia filamu ya milimita 16, ile nyembamba ya watu wa majumbani, wakati majumba ya sinema yalitumia ya milimita 35. Picha zilikuwa bubu. Sauti zilirekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri, na siku ya maonyesho projekta na santuri viliendeshwa pamoja. Ujanja wake ulikuwa huu: sauti ikichapwa juu ya mkanda wenyewe, kila lugha inadai mkanda wake. Sauti ikiwa kwenye sahani, mkanda ni ule ule, unabadilisha sahani tu. Leo Kiswahili, kesho Kisukuma, ukivuka ziwa Kiganda, ukifika kusini Kinyanja au Kibemba.

Ujanja huo una ugonjwa wake. Mkanda ukikatika ukaunganishwa, vipande vichache vinapotea, na kutoka hapo sauti na picha haziendi tena pamoja: mzee anafungua kinywa, anayesikika ni msimulizi anayeeleza habari za choo. Sahani nazo zinavunjika, na barabara za 1935 mnazijua. Hata zilipofika salama, sauti ya santuri kwenye uwanja wenye maelfu ya watu wanaoshangaa kwa makelele ilikuwa kama kupiga filimbi kwenye mechi ya Coastal Union na African Sports.

Ndani ya miaka miwili na kidogo Vugiri ilitoa filamu 35. Nyingi zilikuwa fupi. Mada zilitoka kwa wakuu wa kambi na idara za serikali, na ukiziorodhesha unasikia harufu ya ofisi ya bwana shauri: kodi na matumizi yake, benki ya posta, soko la kahawa, malaria ya watoto wachanga, chakula na afya, mafunzo ya waganga wa mifugo, minyoo ya safura na jinsi ya kuchimba choo. Iko ya chai, na hilo halishangazi kwa watu waliokuwa wakiamka na kuiona chai dirishani. Moja ilionyesha mashamba ya wakulima wadogo huko Kingolwira, karibu na Morogoro, ambako serikali ilikuwa ikijaribu mpango wa makazi ya kilimo.

Katikati ya mahubiri hayo zimo chache zenye roho nyingine. Ile ya benki ya posta, niliyoanza nayo, ni mahubiri lakini ina mwizi, na filamu yenye mwizi tayari ni filamu. Ipo inayoitwa "Gumu", habari za kijana aliyeacha kwao akaenda mjini na mji ukamharibu. Kisa hicho tumekwisha kukitazama mara ngapi tangu hapo? Bongo muvi imekirudia kwa mitindo yote, kijana kutoka kijijini na begi lake, na sijui kama tutakiacha. Na ipo moja iliyochukua ngano ya sungura na chui. Hapo Notcutt, kwa mara moja, aliacha kuwafundisha watu asichokijua na akachukua wanachokijua wao.

Hapa ndipo ninapogombana na Meja. Alikuwa fundi, alikuwa mvumilivu, na tofauti na wengi wa zama zake alisisitiza kwamba filamu za Waafrika zitengenezwe Afrika, na Waafrika wenyewe wazicheze, katika mazingira yao. Mwaka mmoja tu kabla, 1934, Ufaransa ilikuwa imetoa amri inayojulikana kwa jina la waziri Laval, ya kudhibiti nani apige picha za sinema katika makoloni yake ya Afrika, na matokeo yake Waafrika wa makoloni hayo walicheleweshwa kushika kamera kwa miaka mingi. Ukimweka Notcutt karibu na Laval, anaonekana mtu mwema kabisa.

Lakini hadithi iko wapi? Chini ya milima hiyo, ndani ya mkoa huo huo, Kiswahili kilikuwa kinachemka. Shaaban Robert, mtu wa Vibambani aliyezaliwa 1909, karani wa forodha, alikuwa anaandika mashairi. Gazeti la Mambo Leo lilikuwa linachapishwa tangu 1923, limejaa tungo na malumbano ya wasomaji. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa 1930 kukisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Wasambaa walikuwa na simulizi za Mbegha, mwindaji nguruwe aliyekuja akawa mfalme wao. Kisa cha Mbegha kina kila anachokitaka mwongozaji: kijana mwenye mkosi aliyefukuzwa kwao, mbwa waaminifu, nyama inayogawiwa wenye njaa, simba aliyeuawa usiku, ufalme. Ukoo wa wenye kisa hicho ulikuwa unatawala Vugha, milima ile ile. Meja alikuwa na kamera, taa, waigizaji na mandhari yenyewe. Akapiga picha ya choo.

Msinielewe vibaya, safura iliua watu na choo ni jambo la heshima. Ninachosema ni kwamba aliyemwona mtazamaji kama mgonjwa hawezi kumtungia hadithi nzuri. Wataalamu wa sinema za kikoloni walipenda kusimulia kisa cha wanakijiji walioonyeshwa filamu ya usafi, wakaulizwa wameona nini, wakajibu: tumeona kuku. Hakuna mtaalamu aliyekumbuka kuku. Wakarudisha mkanda, kweli, kuku alipita pembeni kwa nukta moja hivi. Kisa hicho kikatumika kuthibitisha kwamba Mwafrika hajui kutazama picha. Mimi nakisoma kinyume. Katika filamu nzima ya mtu anayemwaga maji machafu polepole, kuku peke yake ndiye aliyekuwa na haraka ya kwenda mahali. Watazamaji wale walikuwa wahakiki.

Septemba 1935 Latham alipakia projekta, santuri, jenereta na mikanda kwenye lori, akaondoka. Safari yake ya kwanza ilimalizika Februari 1936. Alizunguka Tanganyika, Kenya na Uganda, pamoja na Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, mwendo wa karibu maili 9,000. Alifanya maonyesho 95, na hesabu yao ikasema waliotazama ni Waafrika wapatao 80,000, Wazungu kama 1,300 na Wahindi mia kadhaa. Tugawe: ni zaidi ya watu 800 kwa onyesho moja, kwa wastani, mwaka 1935, bila tangazo la redio. Waandaaji wa leo wanaolilia ukumbi ujae wamuulize yule Latham.

Watu walikuja kwa wingi, hilo halina ubishi. Wakubwa ndio hawakuridhika. Picha za mkanda mwembamba zilionekana hafifu zikirushwa kwenye kitambaa kikubwa, sauti za sahani ziligoma, na kila idara ilikuwa na lawama yake. Ilipofika zamu ya serikali za Tanganyika, Kenya na Uganda kuchukua mzigo wa gharama baada ya fedha za Carnegie kwisha, zilikataa. Mei 1937 kambi ikafungwa. Notcutt na Latham wakaandika ripoti yao, ikachapishwa London mwaka huo huo kwa jina The African and the Cinema, kitabu chenye mchanganyiko wa hesabu za dawa za kusafishia filamu na matumaini makubwa. Tanga tuna msemo wetu wa waja leo, waondoka leo. Sinema ilikuja Usambara kwa namna hiyo.

Miaka miwili baadaye vita vikaanza na London ikaunda kitengo chake cha filamu za makoloni, chini ya William Sellers, mtu aliyefanya filamu za afya huko Nigeria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni moja ya Johannesburg ikaletwa kutengeneza filamu za Kiswahili hapa Tanganyika, na ndipo akatokea Kawawa kwenye "Muhogo Mchungu". Yaliyofuata yameandikwa sana: mwigizaji huyo akawa Waziri Mkuu mwaka 1962, Kampuni ya Filamu Tanzania ikaanzishwa 1968, na mwaka 1985 ikatoka "Arusi ya Mariamu" ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Sitayarudia.

Ninachotaka kukirudia ni kitu kidogo. Ile sauti ya Kiswahili iliyopigwa kwenye sahani Vugiri, juu ya picha bubu, haikufa na kambi. Nilikulia kwenye vibanda vya video vya Ngamiani, zile barabara zetu za namba, ambako kwa sarafu moja uliketi kwenye benchi lisilo na mgongo ukatazama filamu ya Hong Kong au ya Bombay, na juu yake sauti ya Mswahili mmoja anaeleza kila kitu. Bingwa wao alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana nchi nzima kwa jina la Lufufu. Steringi akipigana, Lufufu anampa ushauri. Mzee wa Kichina akinyamaza, Lufufu anatuambia anachofikiri. Alitafsiri, aliongeza, alikosoa, alitania. Mtu wa kambi ya Vugiri angeitambua mbinu hiyo mara moja: picha moja, sauti juu yake, lugha ya mtazamaji. Tofauti ni kwamba safari hii sauti ilikuwa upande wetu wa benchi.

Na kicheko? Kicheko tulijipatia wenyewe. Amri Athumani, ambaye kila nyumba ilimwita King Majuto au Mzee Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na akaanza kuigiza akiwa mtoto, 1958, miaka 21 tu baada ya Vugiri kufungwa. Hakumfundisha mtu kuchimba choo. Alicheza mzee mchoyo, baba mkwe mkorofi, mganga mwongo, na Kiswahili chake hakikuacha lafudhi ya kwetu hata alipokuwa nyota wa Dar es Salaam. Katika miaka yake ya mwisho alishirikiana na kijana wa Muheza, Hussein Mkiety, yule Sharo Milionea mwenye mwendo wa mbwembwe, aliyefariki kwa ajali ya gari wilayani humo humo Novemba 26, 2012. Majuto mwenyewe alifariki Muhimbili Agosti 8, 2018, na mwili ukarudishwa Tanga. Alikuwa na kitu ambacho Meja hakuwa nacho: alijua watu wake wanacheka wapi.

Basi nimpe Notcutt haki yake. Hakuwa mwongozaji mkubwa. Ukimlinganisha na Ousmane Sembène, aliyeshika kamera Dakar mwaka 1963 akamfuata mwendesha mkokoteni mmoja kwa dakika zisizofika ishirini na kuieleza Senegali nzima, filamu 35 za Vugiri ni chaki ubaoni. Hata karibu na "Vuta N'kuvute" ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021 na kuturudisha Zanzibar ya riwaya ya Shafi Adam Shafi, ambako Mwingereza ndiye anayetazamwa, zinaonekana kama barua ya serikali. Lakini alithibitisha mambo mawili ambayo wengi walikataa baada yake: kwamba filamu inaweza kutengenezwa yote mpaka mwisho hapa hapa, na kwamba Mwafrika anaweza kushika sehemu kubwa ya kazi yake. Ripoti yao ilikiri kwamba vijana wa Kiafrika waliofundishwa pale kambini, kwenye chumba cha giza, kusafisha na kuchapa mikanda, walifanya kazi hiyo vizuri.

Vijana hao ndio wanaoninyima usingizi. Palikuwa na watu Vugiri mwaka 1936, pengine Wasambaa, pengine Wabondei au Wazigua, pengine watoto wa manamba, waliojua kusafisha filamu ya sinema gizani kwa kuhesabu nukta. Palikuwa na mtu aliyecheza mwizi, na kijiji chake kikamwita Mwizi mpaka anakufa; namjua binadamu wa kwetu, hawezi kukwepa. Palikuwa na sauti iliyokaa mbele ya kipaza sauti ikasoma Kiswahili mpaka sahani ikajaa. Jina la Meja limo kwenye vitabu vya vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani. Yao hayamo.

Kati ya mikanda ile 35, inayojulikana kuwapo hadi leo ni mitatu: ya safura, ya mafunzo ya waganga wa mifugo na ya mashamba ya Kingolwira. Yote iko kwenye hifadhi ya Taasisi ya Filamu ya Uingereza. Ya benki ya posta haimo. "Gumu" haimo. Sungura na chui hawamo.

Nakala ya dijiti ya mikanda mitatu haijazi hata kona ya simu yako. Wizara inayohusika na utamaduni, Bodi ya Filamu na Makumbusho ya Taifa wanaweza kuiomba kwa barua moja, na ikifika, onyesho la kwanza lisifanyike hotelini Dar es Salaam. Lifanyike Vugiri, kwenye uwanja wa shule, kwa kitambaa cheupe na jenereta, kama alivyofanya Latham. Wazee wakae mbele. Huenda mmoja akamwona baba yake.

Na wewe unayesoma ukiwa Korogwe, Bungu, Mombo, Lushoto au Tanga mjini: kama babu yako alipata kufanya kazi kwa Wazungu wa picha kule mlimani kati ya 1935 na 1937, muulize bibi babu alikuwa nani na alifanya nini, kisha andika. Kama ipo picha yake sandukuni, itoe, igeuze, soma kilichoandikwa nyuma.